Puli Ilikuwa ya Plastiki

Februari 4

Mama,

Shikamoo. Huku tumeamka salama, mimi na bibi, na nategemea kifua chako kimetulia na vumbi la vitambaa halikusumbui tena. Bibi mguu bado unamuuma kukiwa na baridi, lakini mdomo haujambo. Jana amegombana na muuza mkaa mpaka muuza mkaa mwenyewe akaomba maji ya kunywa.

Ulisema niandike, kwa sababu kwenye simu naitikia tu kama mtu anayeng'olewa jino. Ni kweli. Simu ikishakatika ndipo maneno yanakuja. Dereva wa lori amekubali kubeba barua zetu akipita, kwenda na kurudi, mradi nimtazamie tairi zake. Vumilia mwandiko, unajua shule niliiacha njiani.

Gereji ni ileile. Fundi mkuu naye ameanza kuniita Kimya kama wewe, sijui nani kamwambia. Ananipa breki, ananipa mikanda, injini bado hajaniachia. Mimi namtazama mikono tu.

Sasa mama, kuna kitu nauliza. Dereva anasema aliliona gari la marehemu baba mbele ya shule moja likishusha sare, na kwenye usukani hukuwa wewe. Alikuwa kijana mrefu, katoa kiwiko nje ya dirisha kama mwenye mali. Nikamwambia labda ni gari linalofanana. Akasema gari jeupe lenye mlango mmoja wa kijani liko moja tu duniani. Na akasema linalia likikata kona.

Huyo ni nani? Siulizi kwa ubaya. Ulisema msimu wa sare ukiisha utalirudisha gari nyumbani na wewe mwenyewe utarudi, na gari litakuwa langu. Ndiyo maana nauliza.

Mwanao


Februari 15

Kimya wangu,

Marahaba. Kifua kimetulia, macho ndiyo yananisumbua, maana tunashona rangi ya bluu iliyokolea na uzi wa bluu iliyokolea, mtu anatafuta sindano kama anatafuta mchwa gizani. Msalimie bibi yako na umwambie muuza mkaa ni binadamu.

Nimefurahi kuona umeandika ukurasa mzima. Kwa simu ningekaa mwaka kuyapata haya.

Huyo kijana anapiga pasi hapa kiwandani kwetu. Sare zikitoka kwenye cherehani zinakwenda kwake, na zikitoka kwake unaogopa kuzigusa. Anakaa chumba cha nyuma ya kwangu. Hana mama, kalelewa huku na huku kama mwavuli wa kuazima. Ananisaidia kubeba mizigo, na siku nyingine akiniona nimechoka ananiendesha. Ananiita mama. Wala usinune, najua sasa hivi umenuna.

Gari ni kweli linalia. Usukani asubuhi ni mzito, nikikata kona nasikia kama paka kakanyagwa. Mpiga Pasi alifungua boneti akatazama, akasema puli ya usukani, kile kigurudumu kinachozungushwa na mkanda, imepasuka, kipande cha ukingo kimeondoka, na inayumba ikizunguka. Anasema ni ya plastiki. Alitaka kwenda kuitafutia nyingine, nikamwambia subiri kwanza, mimi nina fundi wangu, nimuulize.

Kwa hiyo nakuuliza, fundi wangu. Tufanyeje? Msimu ukiisha nataka kulileta mwenyewe huko, na unazijua kona za njia ile. Usukani ukiwa hivi sitafika.

Mama yako


Februari 23

Mama,

Shikamoo. Bibi anakusalimu, hajambo. Mimi sijambo.

Barua yako niliisoma gereji nimejibanza nyuma ya matairi, halafu nikaisoma tena nyumbani. Mpiga Pasi umemtaja mara nyingi kuliko bibi. Sikuhesabu, nimeona tu.

Kuhusu gari. Mpiga pasi apige pasi. Mimi tangu nimeingia gereji hii nimeshika puli za usukani, na zote ni chuma. Chuma hakimeguki ukingo kama kikombe. Alichokiona ni kifuniko, yapo magari yaliyowekwa vifuniko vya plastiki kila mahali ili injini ionekane safi. Usukani mzito na kulia kwenye kona, hiyo ni oili ya usukani imepungua. Ongeza oili kwenye kikopo chake, kile kilichochorwa usukani juu. Basi. Gari litakwenda mpaka mwisho wa msimu, ukilileta nitafungua pampu mimi mwenyewe. Ila yeye boneti asiiguse tena.

Na jingine. Dereva anasema safari hii alimkuta uani kavaa ovaroli ya bluu, miguu imeishia juu ya vifundo. Nikamuuliza ina kiraka goti la kulia? Akasema kipo. Mama, hiyo ni ya baba. Kile kiraka ulikishona wewe. Baba akilala chini ya gari mimi nilikuwa nashika tochi, na nilichokuwa nakiona ni viatu vyake na lile goti tu. Sijawahi kuivaa hata mimi. Niliacha ikae kwako kwa sababu ulisema ikiwa ndani ya sanduku unapata usingizi. Sasa imetoka sandukuni, nani kaitoa?

Wakati ule tukienda popote mimi nilikaa nyuma kushoto, kwenye ile springi inayochoma, na sikulalamika hata siku moja. Yeye kaanzia mbele.

Naomba ovaroli ije na dereva.

Mwanao


Machi 3

Mwanangu,

Marahaba, bwana mkubwa. Mimi mzima, wewe nakuona una homa, ila si ya kumeza vidonge.

Barua yako kwanza nilicheka. Halafu nikafika pale kwenye springi nikaacha kucheka.

Ovaroli nimeitoa mimi. Mtu ana mashati mawili, moja kalivaa na jingine liko kambani, nimwache alale chini ya gari langu na shati lake la kutokea? Baba yako angeniuliza nimekuwa mchoyo tangu lini. Itakuja huko, lakini ina doa la oili kifuani, na siwezi kukuletea ikiwa hivyo. Ningoje niishughulikie.

Nilimwambia Mpiga Pasi kwamba mwanangu kakataza. Hakubisha. Aliishusha boneti taratibu kama anafunga mlango wa chumba cha mgonjwa, akarudi mezani kwake. Siku nzima nilikuwa nasikia pasi inavyotua. Jioni ndiyo akasema, "Mama, kile kipande nilikiona kwa macho, kilikuwa kimedondokea chini ya injini." Nikamwambia mwanangu ni fundi. Akasema sawa.

Oili nimeongeza. Naona usukani umelainika kidogo, au ni moyo unataka ulainike.

Wiki ijayo napeleka mzigo wa mwisho, shule ya juu, ile ya kona nyingi. Nitakwenda peke yangu. Mpiga Pasi namwacha, dereva asije akapata la kukuletea.

Na hili ulisikie vizuri. Mtu akiniita mama hanipunguzi. Mimi si kipande cha sabuni, kwamba kila anayenishika naisha.

Mama yako


Machi 12

Mama,

Shikamoo. Salamu nyingine zitakuja mwisho. Usiliendeshe gari. Ukiisoma hii, popote ulipo, liache hapohapo.

Leo asubuhi nesi mmoja kaleta gari pacha wa gari la baba, ila milango yake yote ina rangi moja. Usukani mzito, kona likilia. Fundi mkuu akaniambia fungua. Nikafungua, nikaingiza tochi. Puli ya usukani ilikuwa ya plastiki, mama. Nyeusi, imepasuka kuanzia katikati, ukingo umemeguka. Niliigusa kwa kidole kuhakikisha.

Nikamuuliza fundi mkuu puli za plastiki zimeanza lini. Alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. Akasema, "Kimya, magari haya yote yalitoka kiwandani na puli za plastiki. Zinakaushwa na joto zinapasuka, sisi tunakwenda kwa mchongaji anatutengenezea za chuma. Wewe umefika hapa zimeshabadilishwa, ukadhani zimezaliwa hivyo." Gereji nzima ikacheka. Mimi nikawa nakufikiria wewe kwenye kona.

Anasema ikishayumba haingoji. Siku ikimeguka yote, mkanda unaruka, na mkanda ni mmoja, ndio unaozungusha pampu ya usukani, pampu ya maji na chaji ya betri. Usukani unakuwa jiwe ukiwa katikati ya kona.

Nilipiga simu. Nilitoka mchana nikapiga kwa simu ya gereji. Kapokea mwanaume. Akasema, "Simu ya mama hii, yuko ndani anafunga mizigo. Ni mwanawe?" Hivyo tu, simu ya mama. Hakusema mama nani, kama vile mama ni mmoja. Nikakata. Nikajiambia dereva anaondoka leo, barua itawahi. Nimeishika simu mpaka sasa na sijapiga tena.

Mwambie alikuwa sawa. Hapana, usimwambie bado. Nitasema mwenyewe, nitafute namna.

Bibi anakusalimu. Liache gari.

Mwanao


Aprili 2

Mwanangu,

Pokea salamu zangu, na bibi yako. Usishtuke kwa mwandiko. Anayeandika ni Mpiga Pasi, maneno ni yangu. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze, na nitamfanya anisomee.

Mimi ni mzima kuliko gari, na gari ni zima kuliko nilivyoogopa. Barua yako ilifika, lakini ilinikuta mkono umeshafungwa plasta. Nilikuwa nashuka kutoka shule ya juu, mzigo nimeshaushusha. Nikasikia kishindo mbele, kama mtu kapasua kibao, taa nyekundu ya betri ikawaka, na usukani ukagoma. Nilining'inia juu yake kwa uzito wangu wote, nikakanyaga breki, gari likaingiza pua kwenye mfereji. Polepole. Taa moja imevunjika. Ila mkono wa kulia ulikuwa umepita katikati ya usukani, ukanisokota. Ni mkono wa mkasi. Daktari anasema utarudi kazini, lakini nisiuharakishe.

Nimelazwa, nimetoka. Mpiga Pasi ndiye aliyekuja kunichukua pale mfereji​ni kwa baiskeli ya mlinzi wa kiwanda, njia yote ile ya kupanda. Hilo hataki kuliandika. Nimemwambia andika.

Kuna jingine hataki kuliandika. Siku moja kabla ya safari aliniambia kuna mtu kapiga simu na hakusema kitu. Nikamuuliza sasa umejuaje kwamba ni wa kwetu. Akasema, alikuwa anapumua kama mtu mwenye neno mdomoni. Nikadhani utapiga tena. Nikafunga mizigo nikaondoka.

Kwamba hukujua habari za puli, hilo halinisumbui. Baba yako alikuwa hajui vitu vingi na alikufa fundi. Ulikosea kwa chuma, chuma kina dawa. Lakini ile simu, mwanangu. Ulikuwa na neno la kuniokoa mkono, ukalimeza kwa sababu aliyepokea si mimi.

Basi, nimemaliza kugomba. Gari wamelivuta mpaka uani, limekaa. Puli hapa haipatikani, tuliyoipata ni ndogo. Wewe ndiye uliye karibu na mchongaji.

Amenisomea, ni maneno yangu yote. Hiki kikolokolo cha chini nimekichora mwenyewe kwa mkono wa kushoto.

Mama yako


Aprili 10

Mama,

Shikamoo. Na pole. Nimeandika pole nikafuta, nikaandika tena, kwa sababu naiona ndogo.

Bibi nimemwambia uliteleza. Alinitazama, akasema, "Uliteleza wewe." Sijui anajuaje vitu. Tangu siku hiyo chai yangu anaiweka mezani bila kuniita.

Ulichosema kuhusu simu ni kweli na sina la kuongeza. Nilipoona ule mwandiko mzuri ulionyooka nilijua si wako, na kabla sijajua kama uko hai nilishaona wivu kwamba yeye ndiye kaandika. Halafu ndiyo nikasoma. Nakwambia hivi ili ujue una mtoto wa namna gani.

Dereva atakupa mfuko mzito. Ndani kuna puli ya chuma. Nilimpelekea mchongaji ile iliyovunjika ya gari la nesi kuwa kielelezo, nikakaa kwenye mashine yake mpaka mwisho, ananifukuza nakwenda mlangoni narudi. Mifereji ya mkanda niliipitishia mimi mkanda mpya, unalala humo kama mtoto. Mkanda wenyewe nao umo. Kingo nimezisugua kwa tupa zisikate mtu.

Sasa kazi yenyewe. Najua wewe una mkono mmoja, kwa hiyo najua nani ataifanya. Mwambie aanze na bolti tatu za puli, azilegeze kabla hajagusa chochote kingine. Mwambie asitoe kwanza kilichobaki cha mkanda, maana mkanda ndio unaoishika puli isizunguke anapolegeza. Kama mkanda haupo tena, mwambie aishike

Nimechoka kuandika mwambie, mwambie. Wewe Mpiga Pasi, najua unasoma. Sikia.

Kama mkanda haupo, ufunge mkanda wa suruali kuzunguka puli, uukaze, ndipo ulegeze bolti. Usitie nyundo popote. Ikikataa kutoka, itikise kwa mkono huku na huku. Kile kitako inapokaa kisugue mpaka king'ae, punje moja ya mchanga ikibaki puli ya chuma nayo itayumba. Bolti za puli mpya zianze kwa vidole, zote tatu, halafu kaza moja kidogo, nyingine kidogo, zipokezane. Usimalize moja ukahamia nyingine. Njia ya mkanda muulize mama, ile picha iko upande wa ndani wa boneti, na yeye anaijua kwa sababu ni kama uzi kwenye cherehani, ukiruka mahali pamoja haishoni. Kuna puli ndogo yenye springi inayoukaza mkanda. Ivute kwa spana ndefu na vidole vyako viwe mbali, ikirudi haina huruma. Ukimaliza washa, simama pembeni, tazama ukingo wa puli. Ukingo usiyumbe hata kidogo. Ukiyumba zima, anza upya.

Ulisema ni ya plastiki. Ilikuwa ya plastiki. Na aliyepiga simu ni mimi.

Vaa ovaroli. Kwa siku hiyo.

Mama, mkono usiuharakishe.

Mwanao


Aprili 26

Kimya wangu,

Marahaba. Huu ni mwandiko wangu, uone unavyotetemeka. Plasta imetoka, mkono umekuwa mwembamba kama wa mtu mwingine. Naushika mkasi lakini kitambaa kinaniona mgeni. Bibi yako mwambie nakula.

Puli imekaa. Tulifanya kazi ile mchana kutwa. Mimi nilikalia ndoo iliyogeuzwa, barua yako mkononi, nasoma mstari, yeye anafanya, nasoma mwingine. Nilipofika kwenye "wewe Mpiga Pasi" alitoa kichwa ndani ya boneti, akaniuliza, "Kasema mimi?" Nikamwambia kasema wewe. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akarudi kwenye bolti, na kwa muda mrefu sikuona uso wake.

Bolti ya pili ilimtesa, akatukana kidogo, nikajifanya sijasikia. Mkanda tulikosea njia mara moja, ni mimi niliyekosea, picha nilikuwa naisoma kichwa chini. Tulipowasha, tulisimama wote wawili pembeni kama ulivyoagiza, tunatazama ukingo. Haukuyumba. Nikaingia, nikageuza usukani kwa kidole kimoja cha mkono mbovu. Kimya, ulikuwa mwepesi kuliko siku tuliyolinunua.

Ile karatasi ya maelekezo kaniomba aichukue. Nikamwambia ya nini, kazi imekwisha. Akasema hajawahi kuandikiwa barua. Akaniambia na jingine, nami nakuambia kama ulivyoniambia wivu wako. Anasema tangu amenijua anasikia mwanangu hivi, mwanangu vile, mwanangu angelisikia gari hili angejua linaumwa nini. Dereva akileta barua zako huwa anatoka nje kwa sababu hapendi kuona uso wangu nikizisoma. Siku niliyomwambia asiguse boneti kwa sababu umekataza, alitaka kuhama. Mnafanana mpaka nachoka.

Ovaroli hiyo hapo. Doa limetoka. Miguu nimeipunguza kwa urefu wako, ninaoukumbuka, kwa mkono wa kushoto na uvumilivu. Ukiona pindo limekwenda kombo usiseme.

Sasa nina neno moja. Msimu umeisha na sina cha kunikalisha huku. Gari liko tayari, mimi siko tayari. Daktari anasema kona zile si za mkono huu mpaka mvua zijazo zipite. Ninaweza kungoja, nikaja nikiendesha mwenyewe. Au Mpiga Pasi aniendeshe, tuje sasa. Yeye hajasema kitu, ni mimi ninayefikiri. Gari nilikuahidi wewe, na sitalileta mlangoni kwako na mtu usiyemtaka kwenye kiti cha baba yako. Ukisema ningoje, nitangoja na sitanuna. Sema unavyotaka, si unavyodhani nataka.

Mama yako


Mei 5

Mama,

Shikamoo. Bibi hajambo na chai yangu sasa ananiita. Amesikia mkono umetoka plasta, ameshaanza kupanga utalala upande gani wa kitanda chake.

Ovaroli ilifika. Nilifungua mfuko gereji, nikakosea, ningefungulia nyumbani. Mama, yule mtu kaipiga pasi. Ovaroli ya kulala chini ya magari, kaipiga pasi mistari miwili mbele na miwili nyuma, imenyooka kama suruali ya bwana harusi. Mistari inapita mpaka juu ya kiraka cha goti na kiraka chenyewe kimelala. Fundi mkuu akaita watu waje waone. Wakaniuliza naenda kuposa wapi. Nesi naye alikuwa amekuja kuchukua gari, safari hii lilikuwa la breki, akacheka mpaka akasahau ufunguo.

Nilitaka kuikunjakunja mistari ipotee. Nikaishika, nikaona alivyoipitisha pasi kuzunguka kila kifungo bila kukigusa. Mtu hafanyi hivyo kwa nguo ya mtu anayemchukia. Au labda anafanya, mimi sijui. Niliivaa. Urefu ni wenyewe. Pindo halijaenda kombo. Nilisimama kutwa nzima, kazi za kulala chini nikawapa wengine, na mistari ikakaa mpaka jioni. Leo nimelala chini ya gari imekwisha, lakini goti ukiliangalia vizuri bado unauona mstari.

Umeniuliza. Nimefikiri siku nyingi na bado wivu upo, sitakudanganya umekwisha. Nikilaza kichwa namwona kashika usukani wa baba. Lakini nikikuona wewe umekaa huko unangoja mvua zipite kwa ajili yangu, naona ni ile simu tena, naikata mara ya pili.

Njooni. Aendeshe yeye. Zile kona apige gia ya pili, asitegemee breki, na oili ya usukani aitazame kabla hamjaondoka.

Ila kwenye kona ya gereji asimame. Nitakuwa nimesimama nje. Ashuke anipishe usukani, na kutoka pale mpaka kwa bibi naendesha mimi. Wewe utakaa mbele. Yeye atakaa nyuma.

Mwambie akae upande wa kulia. Kushoto ile springi bado inachoma.

Mwanao